Rangi Niliyompaka Mama wa Bibi Harusi

Ilianza Alhamisi ya wiki iliyopita, saa tisa na robo alasiri. Saa naitaja kwa uhakika kwa sababu nilikuwa naikodolea macho ukutani, nikiomba jioni ifike bila mteja yeyote kuingia. Ndivyo nilivyokuwa kazini, wadogo zangu. Wenzangu wanafungua biashara na kuomba wateja. Mimi nilifungua saluni na kuomba mvua, tena kiangazi.

Nawaandikia nikiwa mstaafu. Msicheke. Nina miaka kumi na saba, lakini nimeshafanya kazi, nimeshaaibika kazini, na Jumatatu naenda kuripoti kidato cha tano, kwa hiyo kazi imeniacha na mimi nimeiacha. Huko ndiko kustaafu. Kiinua mgongo changu ni kucha tatu za mkono wa kulia ambazo bado ni nyeusi. Mama Kelvin, bosi wangu, amesema nafasi yangu ataichukua mmoja wenu, ninyi mtakaomaliza kidato cha nne mwaka huu na kukaa nyumbani mkisubiri matokeo. Ameniomba nimwelekeze huyo atakayekuja. Kuelekeza kwa mdomo siwezi, maana nikiangaliwa usoni nasahau hata jina la baba. Basi naandika.

Saluni mnaijua, ile ya rangi ya zambarau barabara ya kwenda Bonga, mlango wa pili kutoka kwa fundi cherehani. Vioo viwili, sinki moja, na drayer ya kukaushia nywele inayounguruma kama mashine ya kusaga. Mama Kelvin alinichukua kwa sababu anasali na mama yangu. Mama alimwambia nina mikono myepesi, na hilo ni kweli. Hakumwambia kwamba mdomo wangu ni mzito kuliko gunia la mbaazi. Hilo aliligundua mwenyewe, kidogo kidogo, kama mtu anavyogundua kwamba paa linavuja.

Siku yangu ya kwanza aliingia mteja, nikamwamkia shikamoo kwa sauti ndogo mno. Akaangaza macho huku na huku, akasema, kumbe hakuna mtu, akaondoka. Nilikuwa nimesimama mbele yake nikiwa na ufagio.

Siku nyingine nilikuwa namwosha nywele mke wa mzee wa kanisa. Maji yalikuwa ya moto kupita kiasi. Yeye kwa upole wake hakusema, mimi kwa aibu yangu sikuuliza, tukaendelea hivyo hivyo, yeye akikunja vidole vya miguu na mimi nikiona vinavyokunjwa, mpaka Mama Kelvin alipouona mvuke. Hapo nikafundishwa kwamba maji yanaanza kwenye mkono wako, karibu na kiwiko, ndipo yanakwenda kwenye kichwa cha mtu. Na hata baada ya hapo unauliza.

"Uulize, Paska," aliniambia. "Kichwa si chako. Utajuaje kinaungua?"

Nikaitikia ndiyo mama. Kuitikia sijawahi kushindwa.

Sasa nije kwenye mvi, maana huko ndiko nilikovunjikia.

Mtu wa kusuka anaingia saluni huku anaongea na simu. Mtu wa mvi anaingia akiangalia nyuma. Anauliza kwanza habari za mafuta, halafu anashikashika vitana, halafu wenzake wakishaondoka anavuta kitambaa nyuma kidogo, kama mtu anayekuonyesha kidonda. Ukifika hapo usishtuke, wala usiseme "he, zimekuwa nyingi." Mimi sikuwa na uwezo wa kusema chochote, kwa hiyo mtihani huo peke yake niliufaulu.

Wengi wanadhani dawa ya mvi ni moja, nyeusi tii, mwisho wa habari. Mama Kelvin alinikataza kufikiri hivyo. Mwenye mvi chache za mbele, alisema, mguse hizo za mbele tu na kichwa kingine ukiache kilivyo. Mwenye nusu kwa nusu mpe kahawia iliyokolea, kwa sababu ile haisemi uongo mkubwa. Nywele mpya zikiota nyeupe hazipigi kelele. Mwenye nyingi kabisa, mshauri aziache, azioshe vizuri, azipake mafuta, azikate zipate umbo, maana mara nyingi kinachomzeesha mtu ni kuzikunja miaka mingi chini ya kitambaa. Na anayetaka nyeusi tii mpe, ila umwambie mapema kwamba ni kama kufuga. Ukishaanza utailisha kila baada ya wiki chache, na siku ukichelewa majirani wote watajua.

Palikuwa na mzee mmoja wa ofisini aliyeanza kufuga hivyo kwenye sharubu. Kila mwezi alikuja kupakwa kanta, ile rangi nyeusi ya unga inayokorogwa kwa maji. Siku niliyoachiwa mimi akapiga chafya brashi ikiwa usoni, nikamchora mstari kutoka puani hadi karibu na sikio. Ningemwambia "samahani mzee" ningefuta kwa sekunde. Nikajisemea atajiona kwenye kioo. Hakujiona, alikuwa amevua miwani. Akashukuru, akaenda kwenye kikao hivyo hivyo. Mwezi uliofuata alirudi, akakaa, akamwambia Mama Kelvin kwa heshima zote kwamba leo angependa apakwe na mtu anayeongea.

Ndipo nikapewa maswali matatu, ambayo na wewe utapewa. Kabla hujafungua kopo lolote la rangi unauliza: kichwa hiki kimewahi kupakwa nini? Ngozi yake inakataa nini? Na anapaka kwa ajili ya nani? Swali la pili halijibiwi kwa mdomo peke yake. Unaweka rangi kidogo nyuma ya sikio, mtu anakwenda kulala nayo, kesho yake unaangalia. Wateja wanalichukia sikio hilo kuliko foleni. Swali la tatu nilidhani ni umbea wa Mama Kelvin mpaka aliponifafanulia.

"Anayepaka kwa ajili yake utamridhisha hata ukikosea kidogo," alisema. "Anayepaka kwa ajili ya mwingine, huyo ongea naye kwanza. Huwezi kumridhisha mtu ambaye hajakaa kwenye kiti."

Maneno mazuri. Lakini nani ayaseme? Kwetu Nakwa mtu mzima ndiye anayeuliza, na mtoto anajibu huku anaangalia kucha za miguu yake. Leo nimgeukie mama wa watu nimhoji kichwa chake kama polisi? Nilikuwa na maswali matatu mazuri na sina hata mdomo mmoja.

Basi, Alhamisi hiyo saa tisa na robo, Mama Kelvin akiwa amekwenda Arusha kwa siku mbili kununua bidhaa, pikipiki ikasimama nje. Kijana wa bodaboda akasema, "Taratibu bibi, shuka taratibu," na mama mmoja akashuka akiwa amekunja uso. Alikuwa amejifunga kitambaa kichwani mpaka kwenye nyusi. Akaniambia yeye ni Mama Anjela, anatoka Mutuka, na kesho jioni binti yake Anjela, anayefanya kazi Dodoma, anaagwa. Sendofu yenyewe ipo ukumbini hapa hapa mjini, na watu wa upande wa mume wanatoka Moshi. Akanionyesha kwenye simu picha ya mwanakwaya mwenzake mwenye nywele za kahawia.

"Kama hii, binti. Anjela amesema nizifunike. Nyeusi naiogopa, itaonekana nimepaka."

Akavua kitambaa. Karibu na ngozi nywele zilikuwa nyeupe na kijivu, na huko mwishoni zilikuwa nyekundu-nyekundu. Mimi Paskalina, mwenye alama nzuri za kemia, nikaziangalia nywele zile nikasema moyoni: vumbi la Mutuka.

Msinihukumu haraka. Mnalijua vumbi la huko kiangazi hiki, linaingia hadi kwenye sukari. Na ningemwambiaje mama mzima kwamba kichwa chako kina vumbi? Nikanyamaza, nikamwosha. Maji yakatoka na rangi ya chai nyepesi, nikajipongeza. Nikaosha tena, wekundu ukabaki, nikasema hili ni vumbi sugu, rangi italifunika.

Maswali nilijaribu. Naapa nilijaribu. Nilisimama nyuma yake nikakohoa nikasema, "Mama, nywele zinaendeleaje?"

"Hazijambo, mwanangu," akajibu.

"Na ngozi?"

"Namshukuru Mungu."

Nikaona nimemhoji vya kutosha. La tatu nikaliacha, na sikio nikaliruka, kwa kuwa sherehe ni kesho.

Kahawia hupakwa kuanzia ncha, mizizi inakuja mwisho, kwa sababu joto la kichwa linaifanya ishike upesi. Nilianza na ncha kama nilivyofundishwa. Nilipofika karibu na ngozi nikasita. Kumsugua mtu mzima utosini kulinitisha, nikasema nitakusanya ujasiri kwanza, nikasimama na brashi hewani nikiukusanya. Ujasiri haukuja. Kilichokuja ni rangi. Ncha zilianza kuwaka, kwanza kama ndevu za mahindi, halafu kama soda ya machungwa, na nilipomkimbiza kwenye sinki na kuzisuuza, maji yakatoka masafi na uchungwa ukabaki pale pale ukinitazama.

Mama Anjela akajiona kwenye kioo. Akasema kitu kwa Kiiraqw ambacho sitakitafsiri, ila bibi yangu hukisema ng'ombe akikanyaga ndoo ya maziwa.

"Binti, hii ni rangi gani?"

"Kahawia, mama."

"Kahawia ya wapi?"

Akashika ncha moja, akaivuta mbele ya macho, akasema taratibu kwamba itakuwa ni ile hina. Jirani yake alimpaka hina kwa ajili ya Pasaka, ikamtoka nyekundu, ndiyo maana amekuwa akijifunga kitambaa tangu hapo. Aliona haya kunieleza. Akafikiri fundi anaona mwenyewe.

"Niliona," nikasema. "Nilidhani ni vumbi."

Akanitazama kwenye kioo. "Vumbi," akarudia, akaanza kucheka, na kicheko kile kikageuka katikati kikawa machozi, nami nikabaki na taulo mkononi sijui nifute nywele au uso.

Ndipo akanieleza kilichomleta. Siku ya mahari, wajomba wa bwana harusi waliingia kwake Mutuka, yeye akiwa ameketi na kitenge chake kipya, mvi zikiwa wazi. Mjomba mkubwa akamwinamia, shikamoo bibi. Akaitikia marahaba, angefanyaje. Kisha yule mjomba akauliza, na mama wa binti tutamwona saa ngapi? Watu wakacheka. Na yeye alicheka, halafu akaenda jikoni akakaa juu ya ndoo mpaka chai ilipochemka. Ana miaka arobaini na sita. Aliingia hinani kwa sababu ya swali hilo, akaja kwangu kwa sababu ya swali hilo.

"Kesho wanarudi wote," akasema. "Sitaki kuulizwa tena mama yuko wapi."

Nilimpigia Mama Kelvin, nikamweleza kwa sauti ambayo aliniomba niirudie mara kadhaa. Hakunigombeza, na hilo lilikuwa baya zaidi. Akasema kwa kawaida nyeusi ingefunika kila kitu, lakini sikio kwanza, na safari hii nisiliruke hata aje mkuu wa mkoa. Nikakata simu, na ya Mama Anjela ikaita. Alikuwa Anjela. Mama yake akaweka sauti kubwa ili nisikie.

Anjela aliongea haraka, kama mtu mwenye kamati ya sherehe shingoni. Apakwe nyeusi sasa hivi, yaishe. Mama akaniangalia. Alikuwa tayari, ningeshika bakuli angekaa. Nikaisogelea simu.

"Hapana, dada. Mpaka sikio."

"Wewe ni nani?"

"Paska."

"Una miaka mingapi?"

Nikamwambia. Akasema asubuhi anakuja mwenyewe, akakata. Niliweka kanta kidogo nyuma ya sikio la mama yake, nikamfunga kitambaa vizuri uchungwa usionekane hata unywele mmoja, nikamwomba aje alfajiri na mapema. Kisha nikatembea hadi nyumbani Nakwa nikiliombea sikio la mtu. Nimeombea mengi, mtihani wa hesabu ukiwemo, lakini sikio ilikuwa mara ya kwanza.

Asubuhi nilifungua saluni kabla fundi cherehani hajatoa mashine yake nje. Mama Anjela akaja amepindisha shingo upande mmoja. Akakaa, akasema sikio halina neno, nimpake tu.

Nilitaka kumwamini. Mtu mzima amesema. Lakini alikuwa hajafungua kitambaa, na mkono wake ulikuwa unalishika sikio kama mtu anayemficha kifaranga. Nikasema, naomba nione mama. Nikafungua. Nyuma ya sikio palikuwa pamevimba, pekundu kama kipande cha nyanya, na vipele vidogo vya maji.

"Inaniwasha tangu usiku," akakiri. "Nilijua ukiona hutanipaka."

Nilimwosha pale kwa maji baridi na sabuni laini, nikamwambia kwamba rangi ile asiiguse maisha yake yote, na akipakwa kichwa kizima uso wote utakuwa kama lile sikio, akashindwa kufungua macho amwone bibi harusi. Akaanza kujifunga kitambaa.

"Basi nitakwenda hivi. Nitakaa nyuma, kwa wapishi."

Na hapo, wadogo zangu, mdomo wangu ulifunguka wenyewe. Sikupanga. Nadhani ni lile neno wapishi.

"Mama," nikasema, "unapaka kwa ajili ya nani?"

Akaanza kusema Anjela, akaacha. Akasema wakwe, akaacha. Kisha akasema, "Kwa ajili ya wajomba," akajisikiliza, akaongeza, "na wajomba wenyewe wana vipara."

Tukacheka mpaka fundi cherehani akagonga ukuta.

Nikachukua kioo cha mkono nikamwonyesha kichwa chake karibu na ngozi. Zile nywele zilizoota tangu Pasaka hazikuwa na hina, na kahawia yangu haikuzifikia. Nilimweleza ukweli: sikuzifikia kwa sababu niliogopa kumgusa utosini. Zilikuwa safi, urefu wa upana wa kidole. Tukikata hapo, chungwa lote linaanguka na mvi zinabaki. Akauliza, nikinyoa si watanipa pole wakidhani nimefiwa? Swali zuri, na wewe mteja akikuuliza usilidharau. Nikamwambia hatunyoi. Tunakata tu, tunaacha hicho kidole, tunachonga pembeni na kisogoni zipate mstari, ionekane mtu amekaa akaamua.

"Kata," akasema.

Nilikata. Chungwa likaanguka sakafuni, na nilivyolifagia sijawahi kufagia kitu kwa raha namna ile. Juu zilitokea nyeupe, pembeni kijivu, nyuma ya kisogo bado nyeusi. Nikapaka mafuta kidogo zing'ae, nikampitishia wanja kwenye nyusi, maana nyusi zikififia uso wote unalala. Shingo ikaonekana, ndefu. Na masikio, moja lake na moja la nyanya. Nilitegemea kuona bibi kwenye kioo. Nikaona mama wa umri wa mama yangu, anayeonekana hana haraka ya kumjibu mtu.

Akajigusa juu, akashuka mpaka kisogoni. "Huyu namfahamu," akasema.

Mlango ukafunguliwa, Anjela akaingia, kitambaa cha hariri kichwani, funguo mkononi, midomo imeshaanza kunigombeza. Akamwona mama yake. Akasimama.

"Mama, nani amekwambia ukate?"

"Mimi."

Anjela akaangalia sakafu, akaniangalia mimi, akaangalia lile sikio kwa muda mrefu. Nilijua linalokuja, nikashika ufagio kama ngao. Lakini yeye aliniomba nifunge mlango. Akakaa kwenye kiti cha pili, akavua hariri yake. Nywele zake zilikuwa zimelazwa vizuri kwa nyuma, na mbele, kuzunguka paji lote la uso, palikuwa na mstari mweupe kama mtu aliyeegemea ukuta wenye chokaa.

"Zilianza nikiwa chuo," alisema, akiongea na kioo. "Napaka kila wiki mbili. Mchumba wangu hajui. Nikaona, wakwe wote wakimwona mama anazo, watajua na mimi zipo njiani."

Mama Anjela akamgeukia. "Unazo? Na hukuniambia?"

"Ningekwambiaje, wakati wewe unazichukia zako?"

Mama yake akamweleza basi habari za mjomba na lile swali la siku ya mahari, na ndoo ya jikoni. Anjela siku ile alikuwa chumba cha ndani akisubiri kuitwa, hakusikia lolote. Alivyosikia alivuta kiti chake karibu, akakishika kichwa kile kipya kwa mikono miwili, akakigeuza huku na huku kama anayekagua papai.

"Jioni sitaingia na matroni wa kunisimamia," akasema. "Nitaingia nimekushika wewe mkono, toka mlangoni mpaka mbele. Tuone nani atauliza mama yuko wapi."

"Na kamati?"

"Kamati itajijua."

Kisha akanigeukia mimi, akaninyooshea kidole pale penye chokaa. "Mimi nipake nyeusi. Mimi bado."

Nikatoa kopo la kanta, sikulifungua. Nikaliweka mezani pamoja na bakuli, nikasimama nyuma yake, nikamwuliza kwa sauti iliyosikika mpaka kwa fundi cherehani: kichwa hiki kimewahi kupakwa nini? Hii hii, akasema, hakuna kingine. Ngozi yako inakataa nini? Haijawahi kukataa, akasema, alipakwa wiki mbili zilizopita na masikio yote mawili mazima. Nikamkagua hata hivyo.

"Na unapaka kwa ajili ya nani, dada?"

Akamwangalia mama yake kwenye kioo. "Kwa ajili ya picha," akasema. "Mchumba wangu nitamwambia mwenyewe kabla ya harusi."

Nikaona ni jibu la mtu aliyekaa kwenye kiti, nikafungua kopo, nikakoroga. Mama Anjela akasimama, akaniondolea bakuli mezani, akanishikia, mvi zake ziking'aa juu ya kichwa cha binti yake, nami nikaanza kupaka taratibu mbele, nywele kwa nywele. Nilikuwa nimefika katikati ya paji ndipo nikaviona vidole vyangu. Nilikuwa nimeuliza maswali yote matatu na kusahau glavu.